Friji letu linaitwa Bi Mkubwa

Kwetu kila kitu kina jina bana, friji ni Bi Mkubwa maana alikuja kabla mimi sijazaliwa na akianza kuunguruma usiku hulali, pasi ni Shetani (iliniunguzia shati la intavyuu, sijaisamehe mpaka leo). Watu wanatucheka ila inasaidia, feni ziko 3 lakini mama akisema kamzime Kobe hakuna wa kuuliza ipi, ni ile ya sebuleni inayozunguka kwa kujivuta.

Halafu ukishakipa kitu jina hukitupi ovyo. Mpira wa mlango wa Bi Mkubwa ulilegea, barafu ikawa haigandi, wa chuma chakavu akapita na mkokoteni wake, mzee akamwambia huyu hauzwi. Fundi akabadilisha mpira tu, sasa hivi tunauza hadi barafu.