Folda niliyoiita "Baadaye"

Kwenye barua pepe yangu ya chuo kulikuwa na folda niliyoitengeneza wiki ya pili ya masomo ya uzamili. Niliiita "Baadaye". Kazi yake ilikuwa moja tu: kila ujumbe unaotoka maktaba uingie humo wenyewe, usinisumbue. Maktaba yetu ilikuwa inaandika kupita kiasi. Leo kuna mafunzo ya hifadhidata (makusanyo ya makala za kitaaluma mtandaoni), kesho saa za kufungua zimebadilika, keshokutwa vitabu vipya vimewasili, mara jarida fulani limepatikana kwa majaribio ya siku 30. Mimi nilijua kuazima kitabu na kukirudisha. Mengine niliyaona kelele.

Mwaka na miezi ulipita ndipo nikaifungua, tena si kwa hiari.

Tasnifu yangu ilihusu uvunaji wa maji ya mvua kwenye mapaa ya shule. Nilimpelekea msimamizi sura ya pili, mapitio ya maandiko, kurasa 22, nikiwa nimeshajipongeza moyoni. Ilirudi baada ya siku nne. Ukurasa wa kwanza haukuwa na alama hata moja, wa pili vilevile, nikaanza kuchangamka. Kumbe shughuli yote aliifanyia kwenye orodha ya marejeo. Kila chanzo nilichokiokota kwenye tovuti za kawaida alikipigia mstari wa penseli, na pembeni akaandika: "Na wengine je?" Vyanzo vilikuwa 31. Mistari niliihesabu, 19.

Usiku ule nikakaa kuwatafuta hao wengine kwenye Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta makala za kitaaluma. Makala zilikuwepo, tena nzuri, ila kila nikibofya, ukurasa wa mchapishaji unanidai pesa kwanza. Ilipofika saa tano usiku nilikuwa nimechoka kiasi cha kutoa kadi ya benki. Ningependa kusema busara ndiyo iliyoniokoa, lakini ukweli ni kwamba kadi ilikataa.

Asubuhi nikaenda maktaba, nikijiambia basi nitachukua vitabu. Kijana wa kaunta akapitisha kitambulisho changu, mashine ikalia, akanitazama. Akaunti imefungwa. Kulikuwa na kitabu cha hifadhi ya muda mfupi, vile vya kusomwa kwa saa chache na kurudishwa siku hiyohiyo kwa sababu darasa zima linakigombania, na kilikuwa kwenye begi langu siku ya kumi na moja.

"Tumekuandikia mara nne," alisema, bila ukali wowote.

Sikuwa na la kujibu. Nilijua vizuri ujumbe wote minne ulikolala.

Nililipa faini, nikarudisha kitabu, na nadhani uso wangu ulisema mengi, maana kijana akaninyooshea kidole dawati la marejeo lililo mwisho wa ukumbi. "Nenda kwa yule mama. Usiogope, ndiyo kazi yake." Siku zote nilikuwa nimelipita dawati lile nikidhani ni la kuulizia choo.

Nilimwamkia, akaitikia, akanivutia kiti. Mezani alikuwa na bunda la kadi za katalogi ya zamani, zile zilizochapwa kwa taipureta na zenye tundu chini. Siku hizi upande wao wa nyuma ndio karatasi yake ya kuandikia.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Makala za uvunaji wa maji ya mvua, mama."

"Hilo ni jina lako wewe. Wenzako walioandika wanaliitaje?"

Nikanyamaza. Akageuza kadi moja, akachora mistari miwili ya kwenda chini, ikawa na vyumba vitatu. Cha kwanza: jambo lenyewe. Cha pili: linapofanyika. Cha tatu: ninachotaka kujua kulihusu. Kisha akanipa kalamu nijaze kila chumba kwa majina yote ambayo mwandishi angeweza kuyatumia. Kwa kuwa hifadhidata nyingi zimejaa Kiingereza, tukajaza kwa Kiingereza: "rainwater harvesting", "rainwater collection", "roof catchment". Mimi mwaka mzima nilikuwa natafuta kwa jina la kwanza peke yake, kwa hiyo kila aliyetumia mojawapo ya hayo mengine kwangu hakuwahi kuzaliwa.

Baada ya hapo akanionyesha namna ya kuunganisha. Maneno ya chumba kimoja yanaungwa kwa OR, kwa sababu lolote kati yake linatosha. Vyumba kwa vyumba vinaungwa kwa AND, kwa sababu unavitaka vyote. Kirai cha maneno mawili kikae ndani ya alama za kunukuu, la sivyo mashine itakuletea mvua kivyake na mavuno ya mahindi kivyake. Nyota (*) mwisho wa mzizi wa neno inaleta maneno yote yanayoanza na mzizi huo. Kuhusu NOT alinionya niiogope: ukiiambia hifadhidata iondoe makala zenye neno "urban", itatupa na ile inayolinganisha mjini na kijijini, ambayo pengine ndiyo uliyokuwa ukiililia.

Akanigeuzia skrini. Utafutaji wangu wa zamani ulileta matokeo zaidi ya 14,000. Ule wa kwenye kadi, baada ya kuchuja yabaki majarida yanayohakikiwa na wataalamu, ulileta 186. Hayo mtu anaweza kuyapitia ikisiri kwa ikisiri, yaani ule muhtasari wa mwanzo wa kila makala, kwa siku mbili, na ndivyo nilivyofanya. Kadi ninayo hadi leo. Upande wa pili ina jina la kitabu cha ufugaji nyuki.

Nilipotaka kuinuka akaniuliza vitabu nimevitafuta rafu gani. Nikamjibu kwa kujiamini: 628. Ndipo akacheka kidogo. Mfumo wa Dewey, ambao Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876 na ambao maktaba yetu bado inautumia, hauvipangi vitabu kwa kitu kinachozungumziwa, unavipanga kwa taaluma inayokizungumzia. Kwa hiyo maji hayana rafu yao. Mhandisi wa usambazaji wa maji utamkuta 628.1. Mchumi anayeyaona maji kama rasilimali yuko 333.91. Anayeandika kuhusu maji kama huduma kwa jamii yuko 363.61. Rafu hizo mbili za mwisho zilikuwa ghorofa ya chini ya ile niliyozoea kusimama. Nilishuka siku hiyohiyo, na pale 333.91 nikakuta kitabu chembamba ambacho karatasi yake ya mihuri ilionyesha kimeazimwa mara mbili tu tangu kinunuliwe. Sura yake ya nne ilinipa nusu ya hoja zangu. Nani alaumiwe, sijui, ila najiuliza ni vitabu vingapi vinaota vumbi kwa sababu wanaovihitaji wamesimama ghorofa nyingine.

Likabaki lile la makala za kulipia, na hapo nilijiona mjinga kweli. Maktaba ilikuwa imeshazilipia nyingi. Mchapishaji anamtambua msomaji wa chuo kwa anwani ya mtandao wa chuo, kwa hiyo ukiwa kwenye kompyuta za maktaba mlango unafunguka wenyewe. Ukiwa chumbani kwako na intaneti yako, kwake wewe ni mpita njia kama wengine. Dawa yake ni kuingia kupitia ukurasa wa maktaba kwanza, kwa jina na nywila ya chuo, ili maombi yako yatoke kana kwamba umekaa ukumbini. Hata Google Scholar ina sehemu ya mipangilio ya kuongeza maktaba yako, na ukishaiongeza, kiungo cha chuo kinaonekana pembeni ya makala ambazo maktaba inazo. Niliifanya kwa dakika mbili. Kwa zile ambazo chuo hakijalipia, mama alinipa Unpaywall, programu ndogo ya kuweka kwenye kivinjari: kufuli ya kijani ikitokea pembeni, jua kuna nakala halali ya bure mahali fulani, mara nyingi kwenye hazina ya kidijitali ya chuo cha mwandishi mwenyewe.

"Haya yote tuliyaandika," alisema wakati naaga. "Mwezi wa pili."

Usiku huo nikaifungua "Baadaye". Ujumbe 163 ambao haujasomwa.

Niwe mkweli: zaidi ya nusu haukuwa na faida kwangu. Kiyoyozi cha ghorofa ya pili kimeharibika. Kiyoyozi cha ghorofa ya pili kinashughulikiwa. Mwavuli umeokotwa. Na hao waandishi wa taarifa nao wana lao, kwa sababu ujumbe wa kichwa "Taarifa muhimu kwa watumiaji wote" ulitumwa mara 40 kwa mambo 40 tofauti, na ule wa kuingia hifadhidata ukiwa nyumbani ulikuwa mmoja wao. Mtu atajuaje? Lakini katikati ya mamilioni ya viyoyozi mlikuwa na dhahabu. Hifadhidata moja ya uhandisi ilikuwa imeletwa kwa majaribio na muda wake ukaisha mimi nikiwa nimelala. Nyingine ilikuwa imebakiza siku tisa. Hiyo sikuiacha. Nilishusha makala nilizozihitaji, moja moja baada ya kusoma ikisiri, maana maelezo yalionya kwamba anayeshusha kwa mkupuo anaweza kusababisha mchapishaji akifungie chuo kizima.

Mlikuwa pia na taarifa ya kuazimana kati ya maktaba. Kuna kitabu kilichokuwa kinatajwa na kila mtu ninayemsoma, na kwetu hakikuwepo. Nikajaza fomu, nikataja sura ninayoitaka, nikasahau. Siku ya 12 nikapokea sura yenyewe, kurasa 26 zilizopigwa skani na maktaba nyingine. Ukurasa wa 9 umekaa upande, na kwenye kona yake kinaonekana kidole gumba cha mtu aliyekuwa ameshikilia kitabu kisijifunge. Simjui, wala sitamjua. Namshukuru.

Mafunzo ya Zotero niliyahudhuria Jumatano moja tukiwa watu wanane kwenye chumba cha viti 40. Ni programu ya bure, ipo tangu 2006, inatunza marejeo na kuyapanga kwa mtindo wowote chuo kinaoutaka. Unaipa DOI, namba ya utambulisho wa makala, ile inayoanza na 10, au ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, nayo inajaza mwandishi, mwaka na mchapishaji yenyewe. Inajaza, lakini kuhakiki ni juu yako: mimi ilinipa mwandishi mmoja mara mbili kwa sababu sehemu moja aliandikwa kwa jina kamili na kwingine kwa herufi za mwanzo.

Ila ilinilipa siku moja kwa namna ambayo sikuitarajia. Nilipoingiza vyanzo vyangu vya zamani, makala moja ikatokewa na utepe mwekundu juu yake. Zotero inalinganisha marejeo yako na kanzidata ya Retraction Watch ya makala zilizofutwa na majarida yaliyozichapisha, na hiyo ilikuwa imefutwa. Nilikuwa nimeinukuu mara tatu. Aya nzima niliijenga juu yake. Nikaibomoa, nikarudi kwa mama wa marejeo na kadi mpya, na safari hii akanifundisha kufuata nyayo: unachukua makala moja nzuri, unasoma orodha yake ya marejeo kujua imesimama juu ya nani, halafu unaangalia nani wameitaja baada ya kuchapishwa kujua mjadala umefika wapi. Makala tatu nzuri zilinifikisha kwenye nyingine 20 bila kuandika neno jipya la utafutaji, na mbili kati yake zilinipa takwimu bora kuliko zile nilizozipoteza.

Sura ya pili niliirudisha wiki ya sita, kurasa 31, vyanzo 64. Msimamizi alikaa nayo siku kumi. Alama za penseli zilikuwa nyingi kuliko mara ya kwanza, lakini zote zilikuwa kwenye hoja zangu: hapa umeruka, hapa huyu hakusema hivyo, hapa unabishana na nani? Orodha ya marejeo hakuigusa.

Folda ya "Baadaye" nimeifuta, ujumbe wa maktaba sasa unaingia pamoja na mingine. Juzi wameandika tena. Kichwa: "Taarifa muhimu kwa watumiaji wote". Nikaufungua mbio. Kiyoyozi cha ghorofa ya pili kimepona.