Siku moja maishani mwangu: fundi sauti na duende asiyepangiwa saa

Saa tatu asubuhi napita katika uwanja wa Alameda de Hércules, hapa Sevilla, Hispania, mbele ya sanamu ya Pastora Pavón, mwimbaji anayejulikana zaidi kwa jina la La Niña de los Peines, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1890 na kufariki mwaka 1969. Mimi ni fundi sauti katika ukumbi mdogo wa flamenko, muziki na ngoma ya kusini mwa Hispania, aina ya ukumbi ambao wenyeji huuita tablao, na mama huyu namsalimu kimoyomoyo kwa sababu ya kisa alichokisimulia mshairi Federico García Lorca katika mhadhara alioutoa Buenos Aires mwaka 1933. Pastora alikuwa akiimba katika kilabu cha pombe mjini Cádiz, kwa sauti iliyomtii kila alipoituma, lakini wasikilizaji wakabaki kimya, hadi mtu mmoja akamkebehi kwa kusema "Idumu Paris!", kana kwamba anamwambia kuwa ufundi mtupu hapo hauna mnunuzi. Mama akainuka, akanywa bilauri ya pombe kali kwa mkupuo mmoja, akaketi na kuimba bila sauti, koo likimwaka moto, mpaka watu wakararua nguo zao. Hapo, kwa mujibu wa Lorca, ndipo duende alipofika, yaani ile nguvu inayomshika msanii bila kuitwa.

Duende katika Kihispania cha kawaida ni kijini cha nyumbani, kile kinachoficha funguo na kuvunja vyombo usiku. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilicheka, kwa kuwa sisi nasi humwambia mtu aliyechangamka kupita kiasi kwamba mzuka umempanda, na mzuka asili yake ni kitu kinachomzukia mtu njiani bila kuitwa.

Saa tano navuka daraja la Triana kwenda ng'ambo ya mto Guadalquivir. (Nilizaliwa Ng'ambo ya Unguja, kwa hiyo naona nimehama bila kuhama.)

Saa sita mchana nafungua ukumbi na kuanza na sakafu ya jukwaa. Napiga magoti na kugonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, kwani ubao uliolegea hutoa mlio wa debe tupu, na misumari midogo iliyopigiliwa kwenye ncha na visigino vya viatu vya wachezaji huufichua papo hapo. Chini ya mbao hizo kuna maikrofoni mbili. Mbali na hizo kuna moja ya gitaa na moja ya mwimbaji, na pembeni mwa kiti cha mwimbaji kuna spika ndogo ya kumwezesha kujisikia mwenyewe.

Saa kumi na moja wanawasili wasanii. Mwimbaji ni mzee kutoka Jerez, aliyepita miaka 60, na leo ana mafua. Amevaa skafu shingoni na anazungumza kwa ishara ili kuitunza sauti. Katika chumba cha kuvalia neno duende hulisikii hata kidogo, maana limeachiwa vipeperushi vya watalii; wenyewe wakitaka kusifu husema fulani ana mfinyo, yaani anakufinya unapomsikiliza.

Onyesho la saa moja jioni lilipita salama, na sina la kuongeza.

Onyesho la saa tatu lilijaa, simu zikawa juu kama mishumaa. Mchezaji aligonga miguu kwa kasi ambayo mtambo wangu ulikaribia kushindwa kuipokea, kila mzunguko wa mapigo 12 ukafungwa pale ulipostahili, na watu wakasimama kumshangilia. Aliposhuka nilimpongeza. Alijifuta jasho na kunijibu kwa maneno mawili: "Hamna kitu."

Saa nne na nusu usiku walibaki wasikilizaji 19. Mzee akaomba siguiriya, wimbo wa msiba wenye mapigo makubwa matano yasiyolingana urefu, ambao hauwekwi kwa kawaida mbele ya watu waliochoka na chakula. Alianza vibaya, sauti ilikwama, akaikohoa, akairudia. Katika ubeti wa pili aliushika ukingo wa kiti kwa mkono wa kushoto, nikaona kucha zikiwa nyeupe, na kilichomtoka kilikuwa mkwaruzo tu, kama mlango mzito unaoburutwa juu ya mawe. Mpiga gitaa aliacha kutazama vidole vyake. Mchezaji, aliyepaswa kuingia, hakuinuka. Hakuna aliyesema "olé", ile sauti ya kumshangilia msanii. Mtu mmoja nyuma alitoa pumzi, nami nikagundua kwamba mkono wangu ulikuwa umeganda juu ya kitufe. Pengine ilikuwa sekunde 20, kisha mzee akamaliza ubeti na mambo yakarudi kuwa kazi.

Nina rekodi za nyakati tatu kama hiyo, zilizokusanywa kwa miaka minane. Nikizisikiliza nyumbani namsikia mwimbaji mwenye sauti mbovu, na kiti kinacholalamika. Manuel Torre, mwimbaji mwingine wa Jerez, ndiye aliyesema kuwa chenye sauti nyeusi kina duende. Maikrofoni zangu hunasa sauti na kuuacha weusi.

Saa sita usiku mzee alinifuata akiwa amekasirika. "Mwanangu, spika yangu ilikufa tangu wimbo ulipoanza. Sikujisikia hata kidogo, nilikuwa kama ninayeimba kisimani." Nikamwomba radhi. Chini ya kiti niliukuta waya umechomoka, bila shaka uling'olewa na kisigino katika onyesho la pili, na kosa lilikuwa langu kwa kutoukagua.

Ameniagiza niutengeneze kabla ya kesho. Nilikaa nao mkononi kwa muda, ukumbi ukiwa mtupu, kisha nikauchomeka.