Bajeti ya Ndoa ya Bomani

Juzi nimeingizwa, bila kuulizwa, katika kundi la WhatsApp la harusi ya mtoto wa shemeji yangu wa Tukuyu. Kabla sijasoma hata majina ya maharusi nilikutana na jedwali la bajeti: ukumbi, mapambo, chakula cha wageni 300, mshereheshaji, picha na video, keki, gari la maharusi, na mstari wa dharura ambao mweka hazina ameuandika kwa herufi nzito kana kwamba anajua jambo ambalo sisi wengine hatujaambiwa. Jumla ni shilingi milioni 19. Mume wangu aliichungulia simu yangu, akacheka, akauliza, "Hivi sisi tulitumia ngapi vile?" Anajua vizuri sana tulitumia ngapi, kwa sababu mwandiko ulio katika daftari lile ni wake.

Hazikufika laki tatu. Ilikuwa Julai mwaka 2010, baridi ya Mbeya ikiwa katika ukali wake, nasi tulikuwa tumekaa katika chumba changu cha mtaa wa Soweto na jiko la mkaa katikati yetu na mlango ukiwa wazi kidogo ili moshi usituue kabla ya ndoa. Habari ya kiwanja tulichonunua Uyole nimekwisha kuisimulia mara nyingi na sitairudia, isipokuwa kwa kusema kwamba akiba yetu ilitosha ama kiwanja ama sehemu ndogo ya harusi, na kwamba barua ya posa ilikuwa imekwisha kwenda kwetu Kalenga, Iringa, na kurudi na jibu kwamba mdogo hawezi kumtangulia mkubwa. Dada yangu alikuwa hajapata mchumba, wala hakuwa na haraka ya kumpata.

Tukaandika. Suti ya mtumba ya sokoni Mwanjelwa, 25,000. Kitenge changu pamoja na fundi, 22,000. Pete mbili za fedha, 30,000. Chakula cha mchana cha watu sita, 24,000. Mpiga picha, ada ya bomani, nauli za mashahidi, vocha. Nilikuwa nikifanya kazi ya vitabu vya hesabu katika chama cha akiba na mikopo, kwa hiyo sikukubali mstari wowote uitwao "mengineyo". Kila kitu kilitakiwa kiwe na jina lake. Ndiyo maana tulipofika mwisho wa ukurasa mume wangu aliandika "Wazee", akanitazama, akasema aandike 50,000. Nilimwambia kwamba tarakimu yoyote atakayoiweka pale itakuwa tusi, ikiwa ndogo kwa sababu ni ndogo, na ikiwa kubwa kwa sababu itaonyesha tulijua tunachokifanya. Tulibishana mpaka mkaa ukawa majivu. Mstari ukabaki na jina bila tarakimu.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui kuhusu kutoroka kwenda kuoana bomani, kwa Mkuu wa Wilaya, ni kwamba hakuna siri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka msajili apewe taarifa siku 21 kabla ya ndoa, na taarifa hiyo hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Majina yetu yalibandikwa hadharani, la kwake na la kwangu, pamoja na jina la baba yangu, huku sisi tukiomba Mungu kwamba mtu yeyote wa Kalenga mwenye shida na Mkuu wa Wilaya ya Mbeya awe na subira hadi mwezi ujao. Sheria hiyohiyo inasema pia kwamba ndoa haiharibiki kwa sababu tu mahari haijatolewa. Niliponukuu kifungu hicho mbele ya mzee aliyekuja baadaye kuwa mshenga wetu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, hilo ni zuri, lakini Kalenga usije ukalitamka."

Ndoa yenyewe haikuchukua muda. Tuliulizwa kama ni ndoa ya mke mmoja au ya wake wengi, mume wangu akajibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mashahidi wakatia sahihi, tukapigwa picha kando ya maua, tukaenda kula wali kwa kuku. Jioni nilimpigia baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama nina afya njema, akakata simu. Tangu siku hiyo hadi mwezi wa pili hakuna aliyepokea simu yangu nyumbani.

Ujumbe wa kuomba msamaha ulikwenda Februari mwaka 2011, wakati wa mvua, ulanzi, pombe ya mianzi, ukiwa umejaa kila nyumba. Kwa desturi za Kinyakyusa baba mkwe wangu hakuweza kuwa katika safari moja na mimi, maana mke wa mwana na baba mkwe hawatakiwi kuonana, kwa hiyo alimtuma mdogo wake pamoja na mshenga na mzee mwingine wa ukoo. Ndani ya basi, tulipopita Makambako, mshenga aliomba lile daftari. Alikuwa amepata fununu kwamba kosa kubwa tuliloshtakiwa halikuwa kuoana bila ruhusa. Watu wa nyumbani waliamini kwamba tulifanya sherehe kubwa Tukuyu, kwao mume wangu, kwa siri, tukachinja, tukala na upande mmoja, na upande wa pili tukauona hauna maana. Daftari lingekuwa ushahidi.

Wazee waliingizwa sebuleni. Mimi nilipelekwa jikoni. Mume wangu aliachwa nje kwenye benchi la mbao chini ya mwembe, kwa sababu mtoroshaji hapandi kizingiti kabla ya faini kujulikana, na manyunyu yalipoanza hakuna aliyemkaribisha. Kutoka mlango wa jikoni niliweza kuona nusu ya sebule: magoti ya baba, mkono wa mshenga, na Baba Mkubwa kutoka kichwa hadi miguu, akiwa ameketi chini ya dirisha. Baba Mkubwa ni mwalimu mstaafu, na mpaka leo mfuko wa shati lake hauna kalamu isipokuwa nyekundu.

Baada ya kamwene za kutosha, salamu zetu za Kihehe, alianza kwa upole uliowatisha wageni. "Kichwa cha Mkwawa," alisema, "kilichukuliwa na Wajerumani, kikarudishwa hapahapa Kalenga mwaka 1954. Nyinyi mmechukua mtu mzima mwezi wa saba, na leo ni mwezi wa pili. Kwa hiyo hatuwezi kusema mmechelewa sana."

Mshenga alicheka peke yake, akaona hachekwi naye, akalitoa daftari. Alieleza kwamba vijana hawakumdharau mtu, hali yao ilikuwa duni, na kwamba kila senti waliyoitumia imo humo. Baba Mkubwa alivaa miwani, akakaa kimya akipekua, kisha akaanza kusoma kwa sauti kama anayeita mahudhurio.

"Suti. Mwanjelwa. Mtumba. Elfu ishirini na tano." Aligeuka, akatazama nje ya dirisha kwa muda mrefu. "Ndiyo ile?"

"Ndiyo ile, mzee," alijibu mshenga.

Nje pale mume wangu, asiyejua kinachosomwa, alisimama na kuinamisha kichwa kwa heshima, maji yakimchuruzika mabegani. Mama mdogo alijiziba mdomo kwa kanga.

"Pete mbili. Fedha. Chakula, watu sita." Kalamu nyekundu ilitoka mfukoni, ikasimama juu ya mstari. "Watu sita ni akina nani?"

"Maharusi wawili, mzee. Mashahidi wawili. Mpiga picha."

"Hao ni watano."

Mshenga alikohoa. "Na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba wa nani?"

"Wa binti. Alikuwa anadai kodi, wakaona wamkaribishe."

Sijawahi kusikia sebule yetu ikinyamaza namna ile. Mwali wa moto ulikuwa ukipiga kuta za sufuria, na mimi nilikuwa nimeshika mwiko bila kukumbuka nani amenipa. Baba Mkubwa aliivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Kwa hiyo mwenye nyumba amekula harusi ya mtoto wetu," alisema. "Sisi hatujala."

Hakuna aliyemjibu, na nadhani hakutarajia kujibiwa. Alirudi katika daftari, akashuka mstari kwa mstari kimyakimya mpaka chini kabisa, akasoma neno la mwisho, "Wazee," akafunua ukurasa kuangalia kama tarakimu imeandikwa nyuma, akarudisha. "Hapa mbona hamna kitu?"

Mshenga, ambaye hatukuwa tumemweleza chochote kuhusu mstari ule, alisema jambo ambalo mpaka leo simjui mtu mwingine ambaye angeliweza kulipata kwa haraka namna ile. "Hapo walishindwa kukadiria, mzee. Wameona mje mkadirie wenyewe."

Baba Mkubwa aliandika. Niliuona mkono wake ukienda taratibu, akihesabu sifuri kwa ncha ya kalamu, kisha akampa baba daftari. Baba alitazama, hakuongeza wala hakupunguza, akalirudisha kwa mshenga. Ilikuwa 350,000, faini peke yake, kabla ya kugusa ng'ombe, blanketi la bibi wala shuka la babu. Rangi nyekundu ilizidi jumla ya kila kitu tulichokuwa tumekiandika usiku ule wa mkaa. Mshenga aliomba, akaombeleza, akasimulia barabara na mvua, mpaka ikashuka kuwa laki mbili na nusu. Ndipo mume wangu alipoitwa ndani, akapewa kitambaa cha kujifutia na kikombe cha ulanzi, na watu wakaanza kusema kwa sauti za kawaida.

Jikoni mambo yalikuwa tofauti. Mama hakuwa amesema nami neno zaidi ya kuitikia shikamoo. Alisonga ugali mpaka ukakaa sawa, akaufunika, ndipo akaenda chumbani na kurudi na daftari lake mwenyewe, la zamani zaidi ya letu, lenye kurasa zilizoshonwa upya kwa uzi. Ndani yake mlikuwa na majina. Sendofu ya binti wa fulani, kilo za mchele. Kicheni pati ya fulani, sufuria na fedha taslimu. Harusi ya kijana wa fulani, sare ya kitenge, kreti za soda, siku mbili za kupika. Miaka na miaka ya majina, mengine yakiwa ya watu niliosoma nao darasa moja.

"Hawa wote nimewachangia," alisema. "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nilimwambia, "Mama, tulikuwa tunaokoa fedha."

"Zenu," alisema mama, akaenda kupakua mboga.

Kazi yangu ni hesabu, na bado sikuwa nimewahi kuiona michango ya harusi kama akiba. Siku zote niliiona kama mzigo: kadi inaletwa, kiwango kimeandikwa, cha mtu mmoja na cha watu wawili, unalipa ili usisemwe. Mama aliiona kwa macho ya mtu asiyekuwa na benki. Fedha zake zilikuwa zimehifadhiwa katika nyumba za watu wengine tangu sijaota meno, na njia pekee ya kuzitoa ilikuwa kumwoza binti kwa kadi, kamati na ukumbi. Tuliposaini karatasi zetu pale bomani tulikuwa tumeifunga akaunti yake bila kujua kwamba ipo.

Dada aliolewa mwaka 2014, kwa sherehe zote tatu. Mama alipeleka kadi kwa mikono yake, na katika kila nyumba iliyokuwamo katika daftari alisema maneno yaleyale: hii ni ya wawili. Wapo waliolipa ya wawili bila kinyongo. Wapo walioongeza kreti ya soda, wakamwambia shoga, hilo la bomani lipo humo. Na yupo mama mmoja aliyemjibu, bila kucheka, kwamba mtu aliyeolewa na Mkuu wa Wilaya amekwisha kuchangiwa na serikali. Jina la mama huyo bado halijakatwa. Huyo alipofariki, mama yangu alikwenda msibani, akapika, akalia, kisha deni akalihamishia kwa mtoto wake mkubwa.

Mimi na mume wangu tumejaribu mara kadhaa kufunga hesabu ya ndoa yetu. Yeye anajumlisha zile za bomani, faini, na mahari aliyoimalizia mwaka 2016, anatoa bei ya kiwanja jinsi kilivyo sasa, anapata faida nono. Mimi ninaweka na daftari la mama. Anasema hizo hazikutoka mfukoni mwetu, kwa hiyo haziwezi kuwa gharama yetu, na kwa kanuni za kazi yangu yuko sahihi kabisa. Huwa ninaziweka tu.

Pasaka iliyopita mama alikuja Uyole kututembelea. Binti yetu mkubwa yuko darasa la saba na anafikiria mtihani tu. Bibi yake alimtazama akideki sebule, akaniuliza kama tumeanza kuunda kamati, kwa maana wadaiwa wengine, alisema, wanazeeka.