Jinsi nilivyounda Starlet moja nzima kutokana na mbili mbovu

Ushauri niliopewa mara nyingi kuliko mwingine wowote ni kwamba niziuze Toyota Starlet zangu zote mbili kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, niongeze fedha, ninunue Toyota IST kama watu wengine. Waliosema hivyo hawakuwahi kuinama na kuchungulia chini ya magari hayo. Nyekundu, ya milango mitatu, ilikuwa imeishi Tanga miaka yote, na chumvi ya bahari ilikuwa imeila sakafu kiasi kwamba dereva aliiona lami katikati ya miguu yake. Lakini injini yake iliwaka mara tu unapozungusha ufunguo, na gia boksi yake ya manyuo haikuwa na mlio wowote. Nyeupe, ya milango mitano, ilitoka Dodoma, ambako hewa ni kavu, na bodi yake haikuwa na tundu hata moja la kutu. Ugonjwa wake ulikuwa gia boksi ya otomatiki iliyoteleza hata kwenye kilima kidogo, pamoja na injini iliyokuwa ikila oili. Zote mbili ni EP82, toleo lililotengenezwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1989 hadi 1995, na zote zina injini ya 4E-FE ya cc 1,331.

Nani asiyeona hapo kwamba moyo wa nyekundu ulipaswa kuhamia katika mwili wa nyeupe?

Kabla ya kufungua boliti yoyote nilisoma bamba lililopo ndani ya boneti, kwa sababu Toyota huandika hapo aina ya gari, injini, gia boksi na hata namba ya rangi. Yangu ilikuwa 040, na namba hiyo iliniokoa baadaye kwa mchanganya rangi aliyekuwa amekwisha kunichanganyia nyeupe ya kubahatisha. Nawashangaa wanaosema kwamba "Starlet ni Starlet, kila kitu kinaingia." Mlango wa mbele wa gari la milango mitatu ni mrefu kuliko wa gari la milango mitano, na taa za mbele za EP91 iliyofuata mwaka 1996 hazikai kwenye EP82. Rimu, kwa upande wake, zinakubaliana bila ugomvi, kwa kuwa zote zina kipimo cha 4x100, yaani matundu manne ya boliti kwenye duara la milimita 100.

Namna ya kuishusha injini sitaieleza, maana mwenye winchi na wasaidizi wawili anajua. Jambo ambalo mafundi hulipuuza ni orodha ya vitu vidogo. Fundi wangu alidai kwamba kugeuza otomatiki kuwa manyuo kunahitaji gia boksi na pedali tu. Mimi nilichukua kutoka nyekundu flaiwili pamoja na boliti zake zenyewe, maunting ya upande wa gia boksi, draivishafti zote mbili, fremu nzima ya pedali na vifaa vyote vya klachi, halafu nikabadilisha sili ya nyuma ya krenkshafti na mkanda wa taimingi wakati injini ikiwa bado chini, kwani hakuna siku nyingine ambayo vitu hivyo hufikika kwa urahisi huo.

Kisha ikafika siku ya kuwasha. Taa za dashibodi ziliwaka, pampu ya mafuta ikanguruma, lakini stata haikutoa hata ule mlio wa "tak". "Bosi, stata imekufa," fundi akasema, naye akamtuma kijana akanunue nyingine ya mtumba. Hiyo nayo ikanyamaza. Akahamia kwenye betri, kisha kwenye fyuzi, na hatimaye akatoa mkasi wa nyaya akitaka kukata waringi yote na kuiunga upya kwa kufuata rangi. Hapo nikamwomba aende akanywe chai.

Nilichukua balbu ya indiketa, nikaiungia nyaya mbili, mmoja nikaubana kwenye chuma cha bodi, na wa pili nikawa nagusisha sehemu moja baada ya nyingine huku mke wangu akizungusha ufunguo. Kwenye swichi ya ufunguo balbu iliwaka. Kwenye waya mdogo wa stata ilibaki giza. Basi umeme ulikuwa unapotelea njiani, na njiani kulikuwa na soketi moja tu iliyokuwa ikining'inia bila mwenzake: ile iliyokuwa ikiingia kwenye gia boksi ya otomatiki. Gari la otomatiki haliruhusiwi kuwaka isipokuwa gia ikiwa P (ya kuegesha) au N (huru), na swichi inayotoa ruhusa hiyo ilikuwa imetupwa uani pamoja na gia boksi. Nilitafuta kwenye soketi hiyo nyaya mbili nene kuliko nyingine, nikaziunganisha kwa kipande cha waya na kuzichomelea kwa risasi. Injini ikawaka kabla fundi hajamaliza chai.

Soketi hiyohiyo ina nyaya nyingine mbili za taa ya rivasi, ambazo nilizirefusha hadi kwenye swichi ya gia boksi ya manyuo, na taa inafanya kazi. Atakayefanya hivi akumbuke kwamba gari sasa litakubali kuwaka hata likiwa kwenye gia, kwa hiyo mguu uwe kwenye klachi kila wakati.

Namba ya chesisi ni ya gari la Dodoma, hivyo usajili ulibaki wake. Namba ya injini kwenye kadi ilirekebishwa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kwa kuonyesha kadi na mkataba wa mauzo wa nyekundu. Gharama yote, ukitoa bei ya magari yenyewe, ilikuwa kama milioni moja na ushee, na sehemu ya ushee huo ni stata ya pili, ambayo haina kasoro yoyote na ambayo fundi bado ananisihi nimuuzie kwa nusu ya bei.