Julai ile kila mkojo ulipotoka chanya

Ilikuwa Jumatano ya kliniki ya wajawazito, katikati ya Julai, ukungu umeyafunika mashamba ya chai mpaka saa nne. Nafanya kazi ya maabara kwenye kituo cha afya huku Mufindi. Nilipofika mstari wa 14 kwenye rejesta, nikapitisha kidole kwenye safu ya naitraiti. Chanya, chanya, chanya. Kati ya akina mama 14, 11 walikuwa chanya.

Naitraiti ni moja ya padi ndogo za rangi zilizobandikwa kwenye stripu ya mkojo, kile kijiti chembamba cha kupimia. Bakteria kama E. koli huchukua naitreti, ambayo tunaipata kwenye vyakula, hasa mboga za majani, na kuigeuza naitraiti. Padi ikikutana nayo inageuka waridi. Kwa hiyo waridi maana yake kuna bakteria, na kwa kituo chetu ilikuwa imezoeleka kwamba waridi maana yake UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na UTI maana yake dozi.

Wa 11 alikuwa mama wa mimba ya miezi sita, mchumaji wa chai. Alirudi dirishani na karatasi yake mkononi. "Dokta, mbona hii UTI haiishi? Dozi ya kwanza nimemaliza, na wala sisikii kuchomwa." Sikuwa na jibu. Nilimwomba akae kidogo kwenye benchi, nikarudi ndani nikiwa na wasiwasi ambao sikuwa nao asubuhi.

Jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba padi ya chembe nyeupe za damu, zile zinazopambana na maambukizi, ile padi inayosubiriwa dakika 2, ilikuwa hasi kwa karibu wote. Inawezekana mtu akawa na bakteria bila chembe nyeupe, tena kwa mjamzito bakteria wasioonyesha dalili ni wa kutibiwa, si wa kupuuzwa. Lakini si watu 11 kwa asubuhi moja. Nikauzungusha mkojo wa yule mama kwenye sentrifuji, nikaweka tone la mashapo yaliyotuama kwenye hadubini. Seli chache za ngozi, na vipunje vingi vidogo visivyo na umbo. Bakteria sikuwaona.

Hapo nikachukua stripu nyingine na kuichovya kwenye maji yaliyokenekwa, yale tunayochanganyia dawa za maabara. Maji hayana mkojo wala bakteria. Nikasubiri sekunde 60 kwa saa ya simu, nikaisogeza karibu na chati ya rangi iliyo ubavuni mwa chupa. Padi ya naitraiti ilikuwa waridi hafifu, kama ukucha wa mtoto. Nikachukua stripu kavu kabisa, isiyochovywa popote, nikaiweka juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha. Nayo ilikuwa imeshaanza kugeuka.

Stripu zilikuwa zimeharibika, na nilijua zimeharibikia wapi. Tangu baridi ianze mwezi Juni, nilikuwa na mazoea ya kutoa stripu 20 au 30 asubuhi na kuzipanga kwenye sinia, kwa sababu kufungua kifuniko kila mara ukiwa na glavu na vidole vimekufa ganzi ni kazi. Pembeni ya sinia tulikuwa na jiko la umeme lenye sufuria ya maji yanayochemka kutwa nzima ili chumba kipate joto. Jioni zile zilizobaki nilizirudisha kwenye chupa. Ndani ya kifuniko kuna dawa ya kunyonya unyevu, nayo haikuwekwa pale kama pambo. Hewa na mvuke vikiingia, padi ya naitraiti huwa miongoni mwa zinazowahi kudanganya.

Nikafungua chupa mpya kutoka stoo, nikarudia sampuli zote 14 ambazo zilikuwa bado hazijatimiza saa mbili. Chanya ikabaki moja tu.

Kazi ngumu ilikuwa kumweleza daktari. Nilimkuta chumbani kwake akiandika, nikamwambia, "Dokta, majibu ya naitraiti ya leo, na huenda ya wiki zilizopita, si ya kuaminika. Kosa ni la maabara." Hakukasirika, ila alinipa hoja ya maana: "Lakini mkojo wenyewe mimi naouona ni mchafu. Una ukungu. Hilo nalo ni stripu?"

Nikarudi na mrija wa mkojo wa yule mama. Ulikuwa mzito kama maji ya kuoshea mchele. Nikaukumbatia kwa viganja viwili, nikawa napulizia pumzi, tunaongea. Baada ya dakika kama nne tukauinua kwenye mwanga: mistari ya daftari lake ikawa inasomeka upande wa pili. Mkojo ulitoka mwilini ukiwa na joto la nyuzi 37, ukakaa kwenye kopo juu ya benchi la saruji kwenye baridi yetu hii, chumvi za urati zikaganda. Vile vipunje nilivyoviona kwenye hadubini ndivyo hivyo. Ukipasha zinayeyuka. Zikiwa za fosfati hazitayeyuka kwa joto, ila matone machache ya asidi ya aseti yanazimaliza. Ukungu wa usaha hauondoki kwa joto wala kwa asidi.

Daktari alimwita yule mama mwenyewe, akamweleza, dozi ya pili ikafutwa. Mimi nikamwomba radhi.

Tangu siku ile tarehe ya kufungua inaandikwa kwa kalamu kwenye chupa, stripu inatoka moja moja, na kila asubuhi stripu ya kwanza inachovywa kwenye maji, ambako lazima itoke hasi. Kwa upande wa chanya natengeneza vimiminika vyangu vya kujaribia stripu: ute wa yai kidogo kwenye maji ya chumvi kwa ajili ya protini, na glukosi ya unga kwa ajili ya sukari. (Mwenzangu alijaribu sukari ya chai, padi haikubadilika hata kidogo. Kimeng'enya kilichomo kwenye padi kinaitambua glukosi peke yake.) Mkojo uliotoka kwenye friji au uliopoa sana naacha upate joto la chumba kwanza, maana vimeng'enya vikipigwa na baridi vinazubaa na sukari iliyopo inaweza isionekane. Sufuria tumeihamishia chumba cha kuoshea vyombo.

Ile chanya moja iliyobaki ilikuwa ya binti wa miaka 19, mimba ya kwanza. Naitraiti waridi iliyokolea ndani ya dakika, chembe nyeupe plasi mbili, na chini ya hadubini bakteria wanacheza. Sista alipomgusa kiunoni akaruka. Homa alikuwa nayo tangu Jumapili, akidhani ni baridi ya Mufindi. Alilazwa mchana ule ule.