Siku moja na watu wa kichwa kisichopona: kliniki ya fiziotherapia, Moshi

Saa 1:30 asubuhi. Natandika mashuka na kupitia mafaili ya leo. Wengi wanaokuja kwangu wameshapimwa malaria, presha na macho, majibu yote mazuri, lakini kichwa bado kinauma.

Saa 2:00. Wa kwanza ni mama mmoja, fundi cherehani wa Majengo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hiki kichwa kitanimaliza.”

Namwomba anionyeshe kwa kidole. Kidole kinaanzia kisogoni upande wa kulia, kinapanda utosini, kinaishia nyuma ya jicho la kulia. Kila siku upande huohuo, na kinaanza akishainamia cherehani kwa muda. Hayo tu yananitosha kuanza kuishuku shingo.

Namlaza chali. Naikunja shingo hadi kidevu kikaribie kifua, kisha nageuza kichwa taratibu. Shingo ikiwa imekunjwa hivyo, pingili za chini zinabanwa, na mzunguko unaobaki hutoka zaidi kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Shingo isiyo na tatizo hugeuka kama nyuzi 44 kila upande. Yake inaenda vizuri kushoto, lakini kulia inagoma mapema, hata 30 haifiki. Nabonyeza kwa kidole gumba pembeni mwa pingili ya pili.

“Hapohapo! Ndicho kichwa chenyewe hicho!”

Namweleza jicho lake halina kosa. Mishipa ya fahamu ya pingili tatu za juu hukutana, chini kidogo ya ubongo, na mshipa unaoleta taarifa za maumivu kutoka usoni. Taarifa zikifika pamoja, ubongo unashindwa kujua zimetoka wapi. Ottar Sjaastad, daktari wa Norwe, ndiye aliyeyapa maumivu haya jina la kitaalamu mwaka 1983: “cervicogenic headache”, yaani kichwa kinachotokana na shingo.

Namfanyia kazi kwa mikono, polepole, bila kumvunja shingo kama wafanyavyo vinyozi. (Hilo sikubaliani nalo kabisa. Mishipa mikubwa ya damu inayokwenda kwenye ubongo inapita hapo.) Kisha namfundisha mazoezi: akiwa amelala, anatikisa kidevu kidogo kama anayeitikia “ndiyo”, anashikilia sekunde 10, mara 10. Halafu pindo la kanga yake tunalipitisha nyuma ya shingo, chini tu ya fuvu, analivuta mbele huku akigeuka upande uliokaza. Tunarudia hadi aweze bila mimi, maana nyumbani ndiko atakakoponea zaidi.

Ndani ya mkoba ana vidonge vya parasetamo na diklofenaki, anavimeza karibu kila siku. Namwambia ukweli: anayemeza parasetamo siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, anaweza kupata kichwa kinachosababishwa na dawa zenyewe. Namwandikia barua kwa daktari amsaidie kupunguza.

Saa 4:00. Chai na chapati.

Saa 5:00. Kijana mgumu, mbeba mizigo wa mlimani. Kanuni ya hifadhi ni kilo 20 kwa kila mgumu, na sehemu ya mzigo huo huikalisha kichwani na shingoni. Alikuwa na hakika shingo ndiyo mchawi. Lakini kichwa chake kinadunda, kinamtapisha, mwanga haumpendezi, na kinampata hata akiwa nyumbani wiki nzima. Shingo inageuka sawa pande zote. Hiki kinafanana na kipandauso, ambacho nacho huweza kukaza shingo. Namrudisha kwa daktari. Kumkanda kila wiki kwa ugonjwa usio wa shingo ni kumlia hela yake.

Saa 8:00 mchana. Baba amekuja na eksirei mkononi, ameambiwa pingili “zimesagika”, na tangu hapo havui kola ya shingo. Amekuwa akiogopa hata kugeuka kuvuka barabara. Namweleza kwamba picha za namna hiyo ni za kawaida kwa watu wa umri wake, hata wasio na maumivu yoyote, na kwamba kola ya muda mrefu inadhoofisha misuli. Daktari wake ameshaniruhusu, kwa hiyo tunaivua. Anageuka kidogo, anasita, anageuka tena.

Saa 10:30. Naandika mafaili. Yule mama fundi nampangia wiki sita, kwa kufuata utafiti wa Australia wa mwaka 2002 uliofuatilia watu 200: waliotibiwa kwa mikono au kwa mazoezi walipata nafuu, na ilidumu hadi mwaka mmoja baadaye.

Simu inaita. Dada mmoja anataka miadi ya kesho ya mama yake: kichwa kimempasuka ghafla leo mchana, ana homa, shingo haikunjiki.

“Dada, usimlete kwangu. Mpeleke hospitali sasa hivi, tena mapokezi ya dharura, usingoje kesho.”

“Hata KCMC?”

“Ndiyo, kama ndiyo iliyo karibu. Chukua teksi, si bodaboda.”