Tangi la mafuta likivuja ardhini, usikimbilie kuchimba

Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya matangi ya ardhini haigusi tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto, mradi mafuta yanatumika hapo hapo yalipohifadhiwa. Msaada hutoka kwenye jimbo, na unaweza kuukosa ingawa unastahili, ukichimba kabla ya kuripoti.

Tuanze na Virginia. Kwa tangi lisilozidi galoni 5,000, mwenye nyumba hubeba dola 500 za kwanza za usafishaji, na mfuko wa jimbo hurudisha zinazozidi hapo, hadi dola 1,000,000. Kung'oa tangi bovu na kununua jipya hakumo. Kwa hiyo mkandarasi aandike ankara mbili: moja ya tangi, nyingine ya udongo uliochafuka. Zikichanganywa, dai linaweza kukwama.

Ukigundua uvujaji, zima tanuri na uite gari linyonye mafuta yaliyobaki tangini, maana kila lita itakayoendelea kuvuja itaongeza udongo wa kubeba. Kisha ripoti kwa Idara ya Ubora wa Mazingira ya jimbo, upewe namba ya tukio, na namba hiyo ionekane kwenye kila karatasi. Subiri maelekezo. Mkandarasi hupeleka mpango wa kazi uidhinishwe: sampuli ngapi, tani ngapi za udongo. Tani 20 zikiidhinishwa naye akachimba 60 bila kuomba nyongeza, zile 40 zinaweza kukuangukia wewe. Hapa ndipo watu huumia zaidi. Dai risiti ya mizani ya kila lori linalofika dampo, jumla yake ilingane na ankara. Shimo lisifukiwe kabla ya kupigwa picha na kuchukuliwa sampuli za kuta na sakafu yake, la sivyo hakuna ushahidi kwamba uchafu umekwisha.

Bima nayo isisahaulike. Mikataba mingi ya bima ya nyumba hailipii uchafuzi wa ardhi yako mwenyewe. Lakini mafuta yakifika kwenye maji ya ardhini au kiwanja cha jirani, sehemu ya dhima kwa wengine, yaani inayolipia hasara uliyowasababishia, inaweza kuingia kazini. New Jersey madai ya namna hii ni ya kawaida. Kwa hiyo usiruhusu kipimo cha maji kirukwe pale shimo linapofikia maji. Ipe kampuni ya bima taarifa kwa maandishi, na ikikataa kulipa, ikatae kwa maandishi. Tafuta pia mikataba ya bima ya zamani, kwa kuwa kutu hutoboa chuma polepole na uvujaji huenda ulianza miaka mingi nyuma.

Massachusetts, tangu 2010, kampuni za bima ya nyumba zinatakiwa kuwauzia wenye kutumia mafuta kinga ya angalau dola 50,000 kwa ardhi yao na 200,000 kwa madai ya wengine. Lazima uinunue kabla mafuta hayajavuja, na bomba la mafuta liwe limevikwa ala ya kinga au kufungiwa vali ya usalama.